Minazi Miwili na Selotepu ya Dirishani

Mnazi wako umepatikana, Kadzo! Ama niseme minazi yako, maana imetokea miwili, na sababu ya kuwa miwili ni mimi mamako. Nimeshindwa kungoja urudi. Umeondoka saa saba kwenda Watamu kumuaga shangazi yako, na tangu saa saba mimi sijakaa kitako. Nimefagia duka mara mbili. Nimepanga bahasha ndogo juu ya bahasha kubwa, nikazipangua, nikazipanga tena vilevile. Sasa nimefunga mlango nusu, nimechukua daftari la dukani, naandika.

Haya, salamu. Hujambo mwanangu, hujambo mavyaa wangu mdogo. Jina hilo nakuita tangu hujaota jino, kwa kuwa umepewa jina la hawe yako, mamake baba, na mavyaa ni mavyaa hata ukiwa umembeba mgongoni. Mimi mzima, ila roho yaenda mbio. Kesho asubuhi basi la Nairobi, kisha Nyeri, kisha chuo. Binti wa muuza bahasha wa Barani anakwenda kusomea maabara! Nimemwambia kila mteja aliyeingia wiki hii. Leo asubuhi mmoja akaniuliza, "Mama Kadzo, hiyo bahasha utanipa ama nikaifuate Nyeri?" Nikampa, na habari zako nikammalizia.

Mambo ya kula, ya sweta na ya kupiga simu siyaandiki. Hayo nimeyasema hadi ukaniambia, "Mama, nimesikia, hata nyumba ya pili wamesikia." Naandika lile ambalo mdomo wangu haujaliweza. Wanijua. Nikianza kulisema kwa mdomo nitaanza kujisifu njiani, na mwisho utanipa pole wewe, na pole ni yako.

Kadzo, ile karatasi ya babako haikuliwa na mchwa.

Mchwa hawakuigusa. Ipo. Miaka yote imekuwa ndani ya lile bati la biskuti, chini ya vyeti.

Ngoja nianze mwanzo, maana vipande vingine huvijui, na vingine niliviacha makusudi.

Ulizaliwa Gede, nyumbani kwa hawe yako, wakati wa masika. Kitovu chako kilipokauka kikaanguka, babako Charo na mamake walikichukua wakaenda kukizika shambani na kupanda mnazi juu yake. Ndivyo ilivyo kwao, mtoto na mnazi wake. Mimi nilikuwa ndani ya arobaini, sitoki, kwa hivyo sikuona. Nilisikia jembe tu, na babako akiimba vibaya. Na kwa furaha ya mwana wa kwanza hakupanda mmoja. Alipanda saba, mstari mmoja kutoka kisimani hadi njiani, ati wako usije ukakua peke yake ukawa na kiburi. Kiburi umekipata hata hivyo, lakini hicho umerithi kwangu.

Jioni akaja akaketi ukingoni mwa kitanda, akachora kwenye karatasi ya daftari. Alichora kwa penseli, minazi saba kama mafagio yaliyosimama, na mmoja akautilia duara. Alitumia penseli kwa kuwa karatasi ilikuwa na unyevu. Kila kitu chake kilikuwa na unyevu. Wakati huo alikuwa kibarua Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, na chumvi ikiingia kwenye mfuko wa mtu huvuta maji hata siku ya jua. Kalamu ya wino ilikuwa ikiteleza. Juma lililofuata, karatasi ilipokauka, ndipo akaongeza maneno kwa wino: mwisho mmoja wa mstari akaandika "kisima", mwisho wa pili akaandika "njia", na chini jina lako lote, na maneno yake kwako. "Iweke vizuri," akaniambia. "Huyu ataiulizia." Nikaitika. Kusema kweli, lile duara nililitazama kwa usingizi wa mzazi, nikasema pazuri, nikageukia ukuta.

Ulipokuwa na miaka mitatu babako alikufa kwa homa ya siku sita. Hawe yako hakumaliza mwaka. Wawili waliochimba lile shimo wakawa hawapo, na minazi saba ikawa imelingana urefu kama watoto wa darasa moja. Kilichokuwa kinajua kitovu chako kiko wapi ni ile karatasi peke yake.

Nimeinuka kidogo, nilidhani ni wewe. Ni mbuzi wa jirani.

Wakati huo nilikuwa ndiyo nimefungua duka, na sitaki uwongo, nilikuwa hodari tangu siku ya kwanza. Hapa Barani hakuna aliyejua kufunga mzigo wa basi kama mimi. Lakini nilikuwa sijui kitu kimoja: sikujua kwamba selotepu ina umri. Niliona ni kitu cha plastiki, kitaoza nini? Basi nikazipanga kwenye kioo cha mbele, zimesimama kwa ukingo, zile angavu na zile za kahawia, zinang'aa kama bangili za bibi harusi. Watu walikuwa wakipita wanageuka. Na jua la mchana lilikuwa likiingia pale pale, kila siku, mwaka mzima, na upepo wa pwani na unyevu wake.

Unamkumbuka Bi Zuhura, yule wa achari? Hukumjua vizuri, ulikuwa mdogo. Alileta boksi la achari ya ndimu ampelekee mwanawe Nairobi. Nikamfungia kwa ile ya kahawia ya dirishani, nikapiga kofi juu ya boksi, nikamwambia, "Hili hata simba hafungui." Boksi lilifunguka kabla ya Mombasa. Tepu ilijiachia yenyewe, ukingo mmoja kisha mwingine, na achari ikamwagikia gunia la unga la mtu na begi la mwalimu. Bi Zuhura alirudi dukani taratibu, akasimama, akajitanda leso vizuri. Akasema, "Mwanangu, kumbe siku ile ulinifungia kwa mate?"

Sijawahi kupigwa kofi kama lile, na hakuinua mkono.

Hapo ndipo nikaanza kuziangalia. Nikatoa moja ya dirishani nikaikwangua kwa ukucha: haivutiki, inakatika vipande vidogo vidogo. Nyingine, kwa joto, gundi ilikuwa imetoka jasho pembeni, ikakamata vumbi na nywele. Nyingine imelala upande mmoja hadi imekuwa si duara tena, imekuwa yai. Nikajifunza kwa hasara. Leo mtu akiniuliza namwambia bila kulipwa: selotepu weka gizani, mahali pasipo joto, ndani ya karatasi yake iliyokuja nayo. Ilaze kwa ubavu, usiisimamishe. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Usiiweke karibu na mafuta ya taa wala karibu na jiko. Ndiyo maana zangu ziko kwenye sanduku la mbao chini ya meza, na ndiyo maana mafundi wa umeme huja kwangu hadi kutoka kule mjini kununua ile nyeusi, kwa kuwa ya kwangu ukiizungusha kwenye waya haitelezi. Ukiona dukani kwangu dirishani kuna selotepu, jua ni maganda matupu, ndani yake hamna kitu. Lakini hayo nimejua baadaye. Na ile karatasi niliishughulikia kabla.

Nitaandika haraka, maana mkono unataka kuacha.

Karatasi ya babako ilikuwa imeanza kulegea kwenye mikunjo. Nikaogopa. Nilikuwa sina kitu kingine cha mkono wake. Hata kitambulisho chake kilichukuliwa wakati wa mazishi. Nikasema, mimi ndiye fundi wa kufunga vitu, nishindwe na karatasi? Nikachukua selotepu angavu ya dirishani, nikaifunika yote, mbele na nyuma, mstari juu ya mstari, sikuacha pengo la kupita sisimizi. Iling'aa! Niliwatembezea majirani. Mmoja akasema, "Hii sasa hata ikianguka kisimani." Nikaitia ndani ya bati, nikalala usingizi mzuri, miaka sita.

Ukafika darasa la nne. Likizo ya Agosti ulirudi kutoka Gede umenuna, hukula. Watoto wa babako mdogo Katana walikuwa wamepanga kila mtu na mnazi wake, wanaukumbatia, na wewe wakakuambia, "Kadzo hana mnazi, Kadzo kitovu chake kimezikwa dukani." Ukanijia hapa nilipoketi. "Mama, mnazi wangu ni upi?"

Nikasema ngoja, babako amekuandikia. Nikaenda chumbani kwa maringo yangu yote, nikafungua bati.

Kadzo, ilikuwa ya kahawia. Rangi ya chai iliyolala. Gundi ilikuwa imeingia ndani ya karatasi yenyewe, na ukiigusa inanata kidoleni. Maneno ya wino yalikuwa yamevimba na kusambaa, yamekuwa wingu la buluu. Jina lako nililijua kwa kuwa nalijua. Maneno yake kwako hayakusomeka hata moja. Na badala ya kuiacha, nilivuta. Nilidhani nikibandua upesi kitaokoka kitu. Ukapasuka ukingo mzima wa juu, ukatoka na selotepu. Nikairudisha ndani ya bati, nikakaa kitandani. Wewe ulikuwa mlangoni kwa nje ukingoja, nikiona vidole vya miguu yako chini ya pazia.

Nikatoka nikakuambia, "Mchwa wameila."

Na kwa kuwa mimi sifanyi kitu nusu, nikanunua na dawa ya mchwa. Nikapuliza nyumba nzima. Tukalala kwa jirani siku mbili. Uliniona nikilia, ukadhani ni dawa, ukaniletea maji ninawe macho.

Uwongo wenyewe labda ungeusamehe. Linaloniuma ni lililofuata. Nikaanza kukuzuia Gede. Likizo hii kuna homa kule, likizo ile una tuisheni, likizo nyingine nakuhitaji dukani. Nilikuwa naogopa utauliza tena, au Katana ataniuliza mbele ya watu. Ukakua mtoto wa Barani, Gede ukawa unakwenda mazishini na kurudi jioni. Ulikuwa ukiniambia, "Mama, mimi kule ni mgeni." Nami nakunja maboksi. Watu wakinisifu, "Mama Kadzo, umemlea huyu mtoto peke yako," naitikia kwa kichwa. Peke yangu, ndiyo. Wengine niliwafungia nje mimi mwenyewe.

Nimetoka tena. Nimetazama barabara hadi kwenye kona. Si wewe.

Sasa la leo. Ulipoondoka nilitoa bati nikutayarishie vyeti. Nikafika chini. Miaka yote nilikuwa naipita hiyo karatasi kwa ncha ya vidole, kama unavyopita mtu uliyemkosea sokoni. Leo niliikunja kidogo tu, nitoe cheti cha ubatizo kilichokuwa chini yake, na ile plastiki ikaachia. Yenyewe! Ikadondoka mstari baada ya mstari kama ganda la kitunguu, kavu, haina nguvu tena ya kushika hata vumbi. Siku nilipoivuta ilikuwa bado ina hasira. Leo imechoka. Ilipokuwa ikinata ilirarua; ilipokauka ikajiondokea bila kuniomba ruhusa.

Doa limebaki, hilo halitoki. Wino umekwenda, haurudi. Lakini penseli, Kadzo! Penseli iko pale pale kama alivyoiacha. Minazi saba na makuti yake. Na duara.

Nilipiga kelele, nikampigia simu Katana. Alikuja kutoka Gede na pikipiki, amevaa kofia ya shambani, akidhani kumekufa mtu.

"Shemeji, umenivusha jua lote hili unionyeshe karatasi yenye kutu?"

"Si kutu, ni selotepu. Ni ile karatasi ya Charo."

Akaniangalia. "Ile iliyoliwa na mchwa?"

Nikakaa kimya. Unamjua babako mdogo, kimya anakisoma. Alicheka hadi akashika fremu ya mlango. "Shemeji! Mchwa wako wana gundi!"

Kisha akaacha kucheka, akavua kofia, akaitia karatasi kwenye mwanga. Alipitisha kidole juu ya ile minazi bila kuigusa. "Kaka hakujua kuchora," akasema. "Tazama, kama mafagio."

Akahesabu. "Wa tatu."

"Wa tatu," nami nikasema.

"Wa tatu kutoka wapi?"

Tukainama tena juu ya karatasi. Maneno "kisima" na "njia" yalikuwa ya wino, mwanangu. Ukianza huku ni wa tatu, ukianza kule ule ule ni wa tano. Tuliigeuza, tukaigeuza tena, tukaitia juani. Hakuna.

Na hapa ndipo penye jambo, kwa kuwa kuna kitu hukuambiwa. Katana anataka kuiangusha minazi yote saba. Mwanawe Kahindi anaoa, na mahali pa nyumba ni pale kwenye mstari, kwingine ni mawe. Shoka lilikuwa lianze wiki ijayo. Alinijulisha mwezi uliopita, kwa heshima, akaniuliza kama ule wa Kadzo unajulikana auache, nami nikamjibu haujulikani. Nilimjibu hivyo na karatasi iko chini ya kitanda changu. Hilo pia ulijue.

"Sasa shemeji," akasema, "mtu ana vitovu viwili?"

"Kitovu kimoja, minazi miwili. Una neno?"

"Neno ni nyumba ya Kahindi. Nitajenga yenye mnazi jikoni na mnazi chumbani?"

"Ni mtoto wa kakako."

Akaivaa kofia yake, akaivua. "Naisogeza nyumba nyuma, tutavunja mawe. Wa tatu na wa tano shoka halitaigusa. Nipe selotepu ile nyekundu niiwekee alama, vijana wasije wakakosea."

Nikamwambia, "Selotepu hapana. Jua la Gede litaila kabla ya Disemba." Nikapasua pindo la leso yangu, vipande viwili, nikampa akafunge. Ni ile leso niliyokubebea. Imefuliwa miaka yote na rangi ingali.

Alipokuwa anawasha pikipiki akasema la mwisho. "Nyumbani wote wanajua mchwa. Mimi siwasahihishii. Utasema mwenyewe, shemeji, mbele ya watu." Akaenda zake. Tangu hapo ndiyo nafagia.

Karatasi nimeitia kwenye bahasha, katikati ya karatasi mbili nyeupe safi. Ni yako, iko juu ya vyeti. Usiibandike kitu, hata ikipasuka. Usiitie plastiki. Iweke pakavu, mbali na dirisha, basi. Kama huko maabara kuna mtu anayejua kurudisha wino uliozama muonyeshe, lakini asivute. Nimekuwekea na selotepu moja mpya kutoka kwenye sanduku la mbao, ya kufungia maboksi yako ya shule. Kwa baridi ya Nyeri itakaa miaka, ila baridi hiyohiyo huifanya isishike. Ipashe kwanza kiganjani. Nilisema sitaandika maagizo, nimeshindwa.

Sijui utasoma hii wapi. Naiweka pamoja na bahasha, na nitajitahidi usiku huu nisikuambie, tule wali wetu na samaki nikusikilize tu habari za shangazi yako. Ukiona nimenyamaza sana usiniulize kama naumwa. Na ukishasoma, ukitaka kukasirika, kasirika. Usinipigie siku hiyo kama huna la kusema. Mimi nilingoja miaka ndipo ile plastiki ikaachia. Na wewe chukua siku zako. Lakini zisipite Disemba.

Maana baadaye nimempigia tena simu, na Katana amekubali kungoja. Hakuna mnazi utakaoguswa hadi uwepo usimame kwenye huo mstari, uione miwili yako kwa macho, ndipo ile mitano iangushwe. Watakuja wote: shangazi yako wa Watamu, watoto wa Katana waliokucheka, Kahindi na mchumba wake, majirani wa Barani niliowatembezea karatasi ikiwa inang'aa. Nitapika mimi, na wajua hakuna apikaye wali wa nazi kama mimi. Kabla hawajala nitasimama kati ya wa tatu na wa tano niseme kwamba mchwa hawakuwako, nilikuwa mimi. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha duka. Naweza kulisema hadi nusu. Nusu ya pili nataka nikiisema niwe nakuona, hata kama umenuna. Njoo na hasira zako, njoo umenuna vivyo hivyo. Chuo kitakuwa kimefunga, na wao nimeshawaambia: Jumamosi ya pili ya Disemba.